Wapinzani Walioshiba

Jumamosi, tarehe 18 Agosti 2012, nilikuwa nyuma ya kanisa letu la wahamiaji, mtaani Umbilo, nikisonga fufu kwa ajili ya watu tuliokusudia kuwashinda. Timu yetu ya besiboli ilikuwa inaanza mechi za kirafiki, zile za kujipima nguvu kabla ya ligi, na kwetu mgeni hashuki garini akaambiwa aanze kukimbia. Hunawishwa mikono, huketishwa, hulishwa. Wageni wa siku ile walikuwa wanafunzi kutoka mtaa wa Berea, vijana wa mkate na chai. Walikula sombe ya majani ya muhogo, wakala makayabu, yaani samaki wa chumvi, wakaongezwa fufu, wakashukuru kwa dhati. Kisha wakaingia uwanjani.

Mchezo wenyewe tuliachiwa na mmisionari aliyerejea kwao na kusahau sanduku la magongo na glavu. Sheria zake alitufafanulia shemasi, ambaye ndiye aliyekuwa kocha, kwa ujasiri wa mtu asiye na wa kumsahihisha. Jambo la msingi lilieleweka: ukiupiga mpira, ukimbie kuvizunguka vituo vyote kabla wapinzani hawajakuwahi kwa mpira. Wanafunzi wale waliupiga vizuri. Kukimbia ndiko kulikowashinda. Mmoja wao alifika kituo cha pili, akashika magoti, akaomba abadilishwe.

Tulishinda. Wiki iliyofuata tukawashinda makarani wa ofisi fulani, nao baada ya kulishwa. Halafu timu ya kanisa jingine, ambayo mlinzi wake wa mbali alikutwa amelala kwenye nyasi. Shemasi aliutafsiri usingizi ule kuwa ni hofu.

Baada ya ibada wanaume walibaki uani kuchambua.

"Mwaka huu kombe iko yetu," alisema shemasi.

"Papa shemasi," nikamwambia, "wote tuliowashinda walikuwa wameshiba."

"Yaya, weye ulisoma sana. Mpira haiulize mutu alikula nini," alijibu. Kwetu yaya ni dada mkubwa, si mlezi wa watoto.

"Mpira hauulizi. Miguu ndiyo inayouliza."

"Eish! Basi kombe tupatie bamama wa jikoni!" akadakia mwingine, na kicheko kikaimaliza hoja yangu.

Ningewaachia furaha yao, lakini mdogo wangu wa kiume alikuwa ameiamini. Alikuwa msusi katika saluni moja ya Barabara ya Umbilo, mali ya mama mmoja Mrundi, na Jumamosi ndiyo siku ambayo saluni hujaa. Katika mechi zile yeye ndiye aliyevizunguka vituo kuliko wote, na shemasi alikuwa amemhakikishia kwamba wachaguzi wa timu ya mkoa hawataacha kumwona. Mwenye saluni alimtaka achague: kiti chake au gongo lake.

"Yaya, nitaacha saluni," aliniambia jikoni kwangu.

"Na mke wako na hiyo mimba, watakula gongo?"

"Msimu moja tu. Haukuona vile nilikimbia?"

"Niliona vile wale wengine hawakukimbia."

"Hauna imani, Yaya," akasema, na wiki ile ile akaacha saluni.

Imani nilikuwa nayo. Nilichokuwa nakitafuta ni mpinzani mmoja mwenye njaa.

Tulimpata huko Queensburgh, siku ya kufungua ligi. Wenyeji walitusalimu, "Sharp, sharp," wakatuonyesha bomba la maji, wakaanza kucheza. Walikuwa watu wa makamo, wengine wenye vipara, lakini wakipiga walikimbia, na wakikimbia walifika. Mdogo wangu alipiga vizuri mara kadhaa. Kila mara mpira ulimtangulia kituoni, jambo ambalo halikuwa limempata hata siku moja kwetu Umbilo. Mwishowe mwamuzi aliisimamisha mechi kabla ya wakati, kwa kanuni ya kuwahurumia wanaozidiwa mno. Kanuni hiyo shemasi hakuwa ametufundisha.

"Bale batu hawana adabu," alisema garini. "Hata maji ya kunawa hawakutupatia."

Hakuna aliyecheka. Jumatatu mdogo wangu alirudi saluni, akakuta msusi mwingine amekalia kiti chake. Wiki kadhaa baadaye, baada ya kumwona akishinda nyumbani bila kazi, nilimpelekea mwenye saluni barua hii:

"Mama,

Nakuandikia bila mdogo wangu kujua, kwa hiyo yaliyomo humu usimhesabie yeye. Aliondoka kwako vibaya, na ulikuwa na haki ya kumpa mwingine kiti chake. Timu bado inacheza. Yeye haendi tena. Hakuna aliyekuja kumchagua, na mkewe anakaribia kujifungua.

Siombi arudi kwenye kiti cha dirishani. Naomba nafasi yoyote, hata ya kuosha nywele. Mikono yake unaijua kuliko mimi. Baadhi ya wateja wako hunipigia simu kuuliza siku hizi anasukia wapi. Amekataa kuwasukia nyumbani. Anasema hao ni wateja wa Mama. Nimewaambia wangoje jibu lako."