Plagi Ndani ya Jivu la Moto

Ukitoka Bwera unashuka barabara ya mpakani, mbele ya kufika forodha, utaona mkono wa kushoto gereji moja haina mlango. Ni mabati ine na nguzo. Chini iko alama nyeusi ya oili, ndefu kama mutu amelala. Hapo ndio Pejo ilikuwa inasimama. Siku hizi haipo, lakini mpaka leo mutu akitaka fundi Tsongo anaulizia "kwa Pejo", kwa sababu gari ile watu waliijua kuliko yeye.

Mimi na Tsongo tuliacha shule siku moja, senior two, muhula wa pili. Mimi niliacha kwa sababu siwezi kukaa mahali moja. Nimeosha magari Kasese, nimeendesha boda, nimeosha sahani za watalii kule Mweya. Yeye aliacha kwa sababu ya hiyo gari, na tangu siku hiyo hajatoka pale.

Ilikuwa Pejo 404, pikapu, kubwa kwa umri kuliko sisi wote. Ilikuwa ya baba yake, muzee Kosiya, aliyekuwa anabeba chumvi ya Katwe anapeleka Butembo. Chumvi ilikula sakafu mpaka ukikaa ndani unaona barabara inapita chini ya miguu yako. Muzee alikufa mwaka 2010. Baba wadogo wakataka kuiuza skrepa. Asanasio, kaka yake Tsongo, mutoto wa kwanza, akakataa. Injini ilikuwa inakataa kwa sababu ya kabureta, basi akaifungua, akaizungushia gazeti, akasema anaipeleka Kongo, kule Pejo za zamani bado zinatembea na mafundi wake wako. Aliomba wiki mbili. Alivuka Ijumaa, siku ya soko, mwaka 2011. Laini yake ya Uganda ikakufa wiki hiyo hiyo.

Mama yao, Feresita, alingoja Bwera mwaka muzima. Halafu akarudi kulima shamba la kwao kule Kisinga. Siku anaondoka alimwambia Tsongo neno moja tu: gari isitoke hapo, Asanasio akirudi aikute.

Tsongo akabaki na gari haina kabureta.

Hiyo maneno ya chaneli yake ya vidio kwa mtandao ilianza 2016. Kuna siku alikuwa anatafuta kwa simu jinsi ya kufungua giaboksi, akaona mzungu mmoja, muzee wa ndevu nyeupe, anatengeneza 404 kwa gereji yake safi kama hospitali, na watu wa nchi nyingi wanamuandikia. Akafikiri hivi: mutu mwenye anapenda gari ya zamani, siku moja lazima atatafuta ingine kama yake ndani ya simu. Kama Asanasio iko hai, na iko na simu, atatafuta Pejo 404. Akitafuta, anikute mimi. Aliniambia hivyo mwenyewe, na hakusema kama mutu anayecheka.

Alikuwa anafunga simu kwa nguzo na kipande cha tyubu ya baiskeli. Sura yake haukuiona, mikono tu. Kila vidio inaanza vilevile: "Hapa ni Bwera. Hii ni Pejo ya Kosiya." Halafu anafungua kitu kimoja, anakionyesha, anakiosha na petroli, anakirudisha. Aliongea Kiswahili, hiki chetu cha mpakani, kwa sababu kaka yake alikuwa upande ule na pengine alikuwa amekaa na watu wengine, wenye hawajui lugha yetu ya nyumbani.

Mimi nilikuwa Mweya wakati huo. Tukimaliza sahani, tunakaa nyuma ya jiko pahali mtandao wa hoteli unafika, na mimi namuangalia. Niliona akiziba sakafu na bati la pipa. Niliona akitoa kutu ya milango wiki tatu, na kitambaa tu. Mara ingine analala chini ya gari, hauoni hata mikono, unasikia spana na yeye anapumua, na nyuma Musoki, mama wa chapati wa mbele ya gereji, anagombana na wateja. Vidio ya dakika arobaini, na hakuna mutu ameingia kumsalimia. Sikumuandikia hata siku moja. Nilikuwa nasema mimi namjua, nitamuandikia nini?

Wengine waliandika kidogo. Mmoja wa Nairobi alicheka Kiswahili chake, akauliza kama ni lugha ya gari. Mwingine alimshauri auze hiyo chuma anunue Korola. Tsongo alijibu wote, na kila jibu lilikuwa na "asante ndugu".

Mwaka 2017 alipata kabureta ya gari ingine kwa skrepa ya Kasese, akailazimisha ikakaa. Injini ikakohoa, ikakataa. Akapiga manivela, ile chuma ya kuzungusha injini kwa mkono, mpaka kiganja kikapasuka. Yote iko ndani ya vidio. Mwisho aliuliza: mwenye anajua, anisaidie.

Siku ya tatu, mutu anaitwa Bénit aliandika hivi:

"Toa mabuji, weka ndani ya jivu la moto, apana juu ya moto. Maharagi itanuka petroli, mama atagomba, lakini gari itawaka."

Mabuji ni plagi, Wakongo wanasema hivyo. Kufukia plagi ndani ya jivu zikauke wakati wa mvua, mafundi wengi wanajua. Lakini maharagi ilikuwa ya nyumba moja tu. Wakati muzee Kosiya iko hai, asubuhi ya baridi Asanasio alikuwa anafukia plagi ine ndani ya sigiri ya mama, jiko lake la makaa, karibu na sufuria, na mama Feresita anamfukuza na mwiko kwa sababu chakula ilinuka. Nani mwingine angejua?

Tsongo alijua ni kaka yake, amejificha nyuma ya jina ingine. Akamjibu. Hakuna jibu. Akaandika tena, akaacha namba ya simu. Akasema kule mtandao hakuna, ao anaona haya. Akafukia plagi vile alivyosema, injini ikakohoa zaidi lakini ikakataa.

Tangu hapo vidio zikabadilika. Alikuwa anafungua breki huku anasema, mukubwa, hii breki unaikumbuka, ulinifundisha wewe. Mama iko mzima, goti tu inamsumbua. Mwembe wa nyuma ulianguka. Baba wadogo hawasemi tena maneno ya skrepa. Mutu mmoja akaandika: "Fundi, hapa tunajifunza gari ao tunasoma barua ya kwenu?" Watu wakacheka chini yake. Tsongo hakujibu hiyo. Alienda hivyo karibu mwaka muzima, kila wiki, anaongea na mutu mmoja, na hakuna sauti inarudi.

Mwezi wa tano 2018 nilikuwa nimeacha Mweya. Nilikaa pale gereji Ijumaa moja, wakati soko imejaa, nafikiria niende wapi tena. Akaingia mwanaume mrefu, umri wetu na kidogo juu, mufuko wa unga chini ya kwapa. Alisimama mbele ya Pejo kabla ya kusalimia. Akaweka mkono kwa boneti. Halafu akasema yeye ndio Bénit.

Tsongo alitoka chini ya gari. Alimuangalia huyu mutu, akaangalia nyuma yake kwa barabara, kama kuna mwingine anakuja.

Bénit hakukaa. Alifungua mufuko, akatoa kabureta, safi, imepakwa oili, na skrubu moja yake ilikuwa ya baiskeli. Hiyo skrubu muzee Kosiya ndio aliifunga. Tsongo aliipokea na mikono miwili, akauliza Asanasio iko wapi.

Bénit alisema walifanya kazi gereji moja na Asanasio, upande wa Beni. Asanasio ndio alimfundisha yeye maneno ya jivu, na akicheka alikuwa anasimulia maharagi ya mama. Kabureta ilipona mwezi ule wa kwanza alipofika kule. Lakini kila Ijumaa alikuwa anasema atarudi Ijumaa ingine. Aliona haya kurudi na kabureta peke yake, kama mutu aliyetumwa chumvi akakaa miaka. Halafu homa ikamkamata, siku ine tu. Walimzika kule.

"Nilikuyaka huku, mwaka wa kumi na ine," Bénit akasema, maana yake alikuja 2014 kutafuta kwao. "Niliulizaka kwa soko, kwabo Mumbere fundi ni wapi? Bakaniseka. Banasema hapa kila nyumba iko na Mumbere wake. Njo jina alitupatiaka, Mumbere tu. Hii ya Asanasio nasikia leo kwako."

Na ni kweli. Kwetu mutoto mwanaume wa kwanza ni Mumbere, nyumba yoyote. Ukiita Mumbere kwa soko ya Bwera, nusu ya wanaume watageuka. Bénit mwenyewe ni mutoto wa kwanza, alijua anatafuta sindano ndani ya nyasi, lakini hakuwa na jina ingine. Akarudi na mufuko wake. Ile komenti aliiandika kwa simu ya rafiki, kwa sababu alisikia sauti ndani ya vidio na akashtuka, ilikuwa kama sauti ya Asanasio. Alingoja apate njia ya kuja, maana maneno kama haya, alisema, haiandikwi.

Tsongo aligeuza kabureta, akaangalia chini yake.

"Mimi naongea naye tangu mwaka jana," akasema.

Bénit akajibu polepole, "Nilisikia yote, mudogo wangu."

Nilifikiri atakaa chini alie. Alichukua spana. Walifunga kabureta wawili. Musoki alitupatia jivu la moto la sigiri yake, safari hii hakugomba. Plagi zilipokuwa moto, Tsongo alifunga simu kwa nguzo, akasema Hapa ni Bwera, hii ni Pejo ya Kosiya, akasogea kando. Bénit akapiga manivela. Mara ya tatu ikawaka. Watu wa soko wakaja kuangalia, wanapiga makofi, hawajui kitu.

Ilikuwa lazima mama ajue siku hiyo hiyo. Mimi ndio nilisema twende na Pejo. Nilifikiri ni heshima, gari aliyoichunga imletee habari. Afadhali tungechukua boda.

Kufika Kisinga unapita hospitali ya misheni, unaacha lami, unaingia kati ya pamba na mahindi. Hiyo injini ina sauti yake, inapiga kama mutu anatwanga. Mama Feresita aliisikia mbali. Tulipokunja kona alikuwa ameshafika njiani, jembe mkononi, anakuja mbio na goti yake mbaya. Kioo cha mbele kilikuwa kimepasuka na vumbi imejaa, hauoni sura ya dreva. Kwa miaka yote mutu mmoja tu ndio alikuwa anaiwasha hiyo gari.

"Asanasio!" akaita. Akapiga boneti na kiganja, vile unapiga mutu mgongo. "Asanasio wangu."

Tsongo alikuwa ameshika usukani na mikono miwili. Hakuzima injini. Nafikiri alijua akiizima, itabidi aongee. Ikaendelea kutwanga pale kati ya mahindi, mama anazunguka kwenda mlango wa dreva, mimi na Bénit nyuma tumeshika mbao, tunaangalia chini kwa ile sakafu ya bati.

Gari ilibaki Kisinga, kando ya nyumba. Kuku zinalala ndani. Tsongo alirudi Bwera, anatengeneza pikipiki, na simu yake haifungi tena kwa nguzo. Ile vidio ya mwisho hakuiweka. Kwa chaneli, injini bado inakataa, na chini yake watu wa Nairobi, wa Kigoma, hata mzungu mmoja, wanauliza kama iliwaka. Mimi jibu ninalo. Nafungua, nasoma swali, nafunga simu.