Mlango wa Wanaume

Kanisa kuu lile la matofali mekundu lilijengwa likiwa na milango miwili ya mbele: wa kulia wa wanaume, wa kushoto wa wanawake. Ndani, kutoka nguzo hadi nguzo, lilitundikwa pazia ili upande mmoja usiuone wa pili. Agata na Tadeo walipooana pazia bado lilikuwepo. Vita vilipokuja likachanwa vipande, wakafungiwa navyo majeraha watu waliolazwa pale sakafuni. Halikurudishwa, lakini mazoea yalibaki. Kila Jumapili mke na mume waliagana uani, kila mmoja akaelekea mlango wake.

Kisha Tadeo akapooza upande mmoja. Jumapili ya kwanza baada ya kutoka hospitali alipiga magoti wakati wa mageuzo, padre anapobariki mkate na divai, akashindwa kuinuka. Agata alimwona kutoka upande wa pili, ameng'ang'ania benchi, jasho linamtoka. Siku hiyo hakula.

Jumapili iliyofuata alimshika mumewe mkono, akaelekea kulia.

"Mama Gyuho, umepotea?" Mzee Yun, aliyesimamia mlango, alicheka. "Wenu ule kule!"

"Naujua tangu hujaota meno."

"Watasema huwezi kumwacha mzee hata saa moja."

"Waseme. Ni kweli."

Tadeo masikio yalimwiva. "Nenda kwa wenzako. Unaniaibisha."

"Baba Gyuho, aibu ni ile ya juzi, wewe unahangaika na mimi nimekaa kama mgeni. Inua mguu."

Hakuinua. Agata akasubiri. Nyuma yao wanaume wakaanza kusongamana kwenye ngazi, na kengele ikalia.

"Jamani, padre anaingia!" alisema Mzee Yun.

"Basi tupishe."

Akapisha. Tadeo akainua mguu.

Upande ule wote ushungi mweupe ulikuwa mmoja tu, wa Agata. Wakati wa mageuzo Agata alitia bega lake chini ya kwapa la mumewe. Walipiga magoti pamoja, wakainuka pamoja.

"Una nguvu kama fahali," Tadeo alinong'ona.

"Sali, wewe."

Ikawa hivyo hadi jeneza la Tadeo lilipotolewa kwa mlango huo wa kulia. Jumapili baada ya mazishi, wanawake walimwekea Agata nafasi upande wao.

"Rudi sasa, dada. Kazi imekwisha."

"Nani kawaambia imekwisha? Bado namwombea."

Akaingia kulia, akapiga magoti mahali pa mumewe.

Mwaka huu, Bwana alipomwita naye, wanawe walilipitisha jeneza lake kulia. Hawakumwomba mtu ruhusa.