Kutoka Geti Hadi Geti

Dada yangu alipotangaza kwamba atazunguka Uganda, Kenya na Tanzania kwa baiskeli, peke yake, nilimwambia amerukwa na akili. Mwalimu mstaafu, bibi wa watu, goti lenyewe linamsumbua kila masika! Akanicheka. Mimi hata dukani kwangu Remera, humu humu mjini, naenda kwa pikipiki.

Lakini alikuwa na sababu, na aliisema mara moja tu. Mama alikimbia nchi hii kwa miguu, dada akiwa mtoto mgongoni, wakavuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania. Mimi nilizaliwa huko. Miaka mingi baadaye tukarudi kwa lori, tumelala juu ya magunia.

"Nimebebwa kwenda, nimebebwa kurudi," alisema. "Safari hii najileta mwenyewe. Kutoka geti hadi geti, sipandi gari."

Akaenda kweli, akianzia getini kwetu Kagugu. Alinipigia simu kutoka Kenya akicheka, eti mbwa wamemkimbiza na hajawahi kukanyaga pedali vile. Usiku alilala parokiani. Pancha aliziba mwenyewe kando ya barabara, huku madereva wa malori wakimpigia honi. Jamani, nilijivuna! Kila aliyeingia dukani alisikia habari zake, awe amekuja kununua kitenge au kuuliza njia tu.

Siku ya kufika, mimi na mume wangu tulienda na pikapu kumlaki Kabuga, pale mji unapoanzia. Kwetu mgeni wa mbali hasubiriwi nyumbani. Unamfuata njiani, unampokea alichobeba. Dada akatokea, jua limemchoma, miguu imekaza kama mchi. Nikamrukia, tukalia wote wawili mpaka kofia yake ngumu ikanigonga pua.

Tulipoachiana, baiskeli ilikuwa juu ya pikapu, imeshafungwa kamba.

"Karibu, shemeji!" mume wangu akasema, anatabasamu. Kakulia Burundi huyu, na kwenye adabu hana mchezo. "Mgeni habebi kitu. Ingia mbele, nafasi iko."

Nilimwona dada akifungua mdomo, kisha akaufunga. Kumkatalia mtu anayekupokea ni kama kumtukana, na hilo dada analijua kuliko sisi. Akaingia. Mimi nami, kwa furaha niliyokuwa nayo, sikukumbuka lolote. Nilipiga domo njia nzima hadi nyumbani Kagugu.

Majirani walikuwa wamejaa, nyama ya mbuzi iko mezani. Dada akashuka, akasimama nje ya geti. Hataki kuingia.

"Mdogo wangu, nirudisheni Kabuga."

"Kabuga! Chakula kinapoa, watu wana njaa, wewe unataka Kabuga?"

"Sijafika," alisema, na machozi yakamtoka.

Hapo ndipo akili ikanirudia. Nikamgeukia mume wangu nimfokee, lakini maskini, alikuwa keshaelewa kabla yangu. Ameshika funguo, anaangalia chini.

Tukarudi. Pale pale tulipokumbatiana, dada akapanda baiskeli. Sisi tukamfuata nyuma polepole, taa zinawaka, na magari yanatupigia honi. Remera watu walidhani ni mashindano, wakashangilia. Kilima cha mwisho kabla ya Kagugu alikipanda amesimama juu ya pedali, goti linatetemeka, mimi dirishani napiga kelele mpaka sauti ikakauka. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda dada yangu kwenye kile kilima.

Akashuka getini. Nyama ilikuwa imeganda mafuta, na hakuna jirani aliyeondoka. Mume wangu alisimama kando, mikono nyuma, anaogopa hata kuisogelea baiskeli.

Dada akaivusha getini kwa mkono wake, akaenda moja kwa moja hadi kwake, akamwekea usukani mikononi.

"Haya, shemeji," akasema. "Sasa nipokee."