Mstari wa Mkaa Kwenye Shoka

Saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi ya mwisho ya Oktoba 1997, jua la Katindiuka limeshaanza kuuma, na Nikodemu Ligola hataki kulishika shoka. Analitazama tu. Limelazwa juu ya gogo mbele ya banda la mhunzi, pembezoni mwa mji wa Ifakara, na mwenye banda, Mzee Shilinde, ameshamwambia mara tatu alinyanyue.

"Shoka halinunuliwi kwa macho," anafoka mzee huyo, akijifuta jasho kwa kiganja kilichojaa masizi. "Au umekuja kuposa?"

Nikodemu anatabasamu kwa shida. Jicho lake linakwenda kwa mwenzake aliyekaa kwenye benchi, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele kwa sababu haukunjiki vizuri. Huyo ni Dionisi. Na mguu huo uliharibiwa na shoka la Nikodemu.

Wawili hawa ni wakaguzi wa njia ya reli. Nikodemu ana umri wa miaka arobaini na sita, na kwa miaka kumi na saba amekuwa akitembea kwa miguu kipande cha kilomita kumi na mbili kutoka Chita kuelekea Mlimba, kisha anageuza na kurudi. Kilomita ishirini na nne kwa siku, mvua inyeshe, jua liwake. Hukaza boliti zilizolegea, huangalia kama maji yamekula tuta, na mara nyingine hupanda mtini kuwapisha nyati.

"Kazi yetu ni kuitangulia treni," anasema. "Abiria analala usingizi wake mzuri, hajui kuna mtu amepita hapo asubuhi."

Kazini hupewa spana, nyundo na bendera nyekundu. Shoka kila mmoja huja na lake, kama mkulima aendavyo shambani na jembe lake. Ndiyo desturi ya genge lao, na hakuna anayeazima la mwenzake. Shoka ndilo linalofungua njia mti ukilala juu ya reli. Na miti huangukia reli hasa kwenye dhoruba ya kwanza ya mwaka, ardhi ikiwa bado kavu na upepo umechachamaa.

Dhoruba ya mwaka jana ilipiga Novemba. Asubuhi yake walikuta mti umelala juu ya reli, mbele ya kona. Haukuwa mnene, mapaja mawili tu ya mtu mzima. Utaratibu wao ni kwamba mmoja anakimbia na bendera kuisimamisha treni, mwingine anakata. Lakini saa ya Nikodemu iliwaambia wana zaidi ya nusu saa, wakaona waumalize pamoja. Dionisi akapita upande wa pili kuvuta matawi. Nikodemu akainua shoka.

"Pigo la kwanza, sawa. La pili, sawa. La tatu nikaona mkono umekuwa mwepesi," anasimulia. "Nikatazama, nimeshika mpini mtupu. Halafu nikamsikia Dionisi."

Chuma kilikuwa kimechomoka na kumpata Dionisi chini ya goti. Damu ikaruka mpaka kwenye kokoto. Nikodemu akavua shati akaufunga mguu, fundo likamshinda mara mbili. Na treni inakuja.

"Alikuwa amenishika mkono, haniachii," anasema Nikodemu.

"Muongo huyu," Dionisi anamkatiza kutoka kwenye benchi. "Nilikuwa nakusukuma. Nilikwambia, kaka Niko, kimbia, hao watu wote wana mama zao."

Alikimbia. Alikimbia kifua wazi, bendera juu, akilia kama mtoto, na dereva akaiona. Treni ilisimama hatua chache kutoka kwenye mti. Ndiyo hiyo hiyo iliyomleta Dionisi hospitali Ifakara, alikokaa wiki tisa. Mguu haukukatwa, ila goti limekakamaa.

Na kisa cha yote? Moshi! Tangu babu yake, kwao Nikodemu shoka hutundikwa juu ya jiko kiangazi chote ili moshi ufukuze bungua wanaotoboa mpini. Ni ujanja mzuri, mradi ukumbuke jambo moja. Moshi na joto huukausha mti, nao hunywea ndani ya tundu la chuma. Kwa hiyo kabla ya kazi shoka hulazwa ndani ya maji usiku kucha, mpini uvimbe, ushike. Dhoruba ya mwaka jana iliwahi. Nikodemu aliamshwa alfajiri, akalichomoa shoka juu ya jiko, akaondoka nalo.

"Watu walikuja kunipa pole, wakaniambia ajali haina kinga," anasema. "Hii yangu ilikuwa na kinga. Ndoo moja ya maji."

Mwaka mzima hajashika shoka. Hata kuni nyumbani kwake hupasua mkewe, Agnetha, na majirani wa Chita wamecheka mpaka wamechoka. Akiumwa mtu na nyoka, hata unyasi humshtua.

Sasa Dionisi anarudi kazini Jumatatu. Mnyapara wao amemwuliza anataka kutembea na nani. Dionisi hakujibu. Alimwambia Nikodemu tu wapande treni waje Ifakara, shoka achague yeye Dionisi, na akishalichagua ndipo atakapotoa jibu.

"Akichagua mtu mwingine, sitamlaumu," anasema Nikodemu kwa sauti ya chini. "Ila nitajua hajanisamehe. Na mimi hapo reli itakuwa imenishinda."

Dionisi anajiinua, anachechemea hadi kwenye gogo. Ana miaka thelathini na minane na mdomo usiochoka mzaha, lakini leo hatanii.

"Shikamoo tena, mzee. Tuonyeshe yote uliyonayo."

"Marahaba. Yako mawili, na yote mazuri," anajibu Shilinde, Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe miaka minane iliyopita, kisha akaona nyundo inamlipa kuliko fimbo.

"Muuza chai hasemi chai yake imechacha," Dionisi anamjibu.

La kwanza linang'aa. Ni la dukani, mpini umepakwa rangi nyekundu, Shilinde amelinoa tu. Dionisi anatoa kisu, anakwangua rangi. Nyuzi za mti zinaonekana chini yake, zimekatiza mpini badala ya kushuka nao. Mpini wa namna hiyo huvunjika kama muwa.

"Rangi ni ya kuficha," anasema, analirudisha.

La pili limefuliwa kwa springi ya lori. Dionisi anaokota kipande cha mkaa, anachora mstari mmoja kuanzia kwenye chuma kushuka hadi kwenye mpini. Chuma kikisogea hata unene wa ukucha, mstari utakatika.

"Haya, kaka Niko. Piga."

Nikodemu anasogea kwenye gogo. Analishika kwa mikono miwili. Anapiga gogo mara kumi. Dionisi anainama kutazama. Mstari umekatika.

"Lilowekwe kwanza!" Shilinde anang'aka. "Mnalijaribu likiwa kavu, katikati ya kiangazi! Mnataka kunivunjia jina?"

"Hapo ndipo tunapolitaka likaze," anasema Dionisi. "Siku tutakayosahau kuloweka."

Hasira inamtoka mzee kidogo kidogo. Anaingia ndani ya banda, anarudi na la tatu, ambalo halikuwa limepangwa na mengine. Ni la springi vilevile, lakini mpini wake wa mti wa mkole umeingizwa kwa juu, kama wa sururu, na ncha yake ya juu ni nene kuliko tundu. Chuma hakina pa kutokea. Kadiri unavyorusha, ndivyo kinavyozidi kukaza.

"Hili ni langu mwenyewe," anasema. "Shilingi elfu nne, na sipunguzi."

Mstari wa mkaa unachorwa. Nikodemu anapiga kumi. Ishirini. Vipande vinaruka, mgongo umelowa. Thelathini. Dionisi anapitisha kidole kwenye mstari. Mzima.

Hapo anafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Anazunguka gogo, anachechemea hadi upande wa pili, anasimama pale pale ambapo angesimama kuvuta matawi.

"Piga tena."

"Dionisi, toka hapo."

"Piga."

"Siwezi, mdogo wangu. Usinifanyie hivyo."

"Ng'wanawane, toka!" anapiga kelele Shilinde, akimwita mwanangu kwa Kisukuma. "Nitakupunguzia bei!"

Hakuna anayecheka. Dionisi hasogei. Nikodemu anafumba macho, anayafumbua, anainua shoka. Linashuka. Linazama kwenye gogo kwa kishindo. Analichomoa, anapiga tena, na tena, machozi yakimtiririka bila kuyafuta, mpaka gogo linakatika vipande viwili.

Mstari haujakatika.

"Basi," anasema Dionisi. "Mlipe mzee, treni isituache."

Mipango yao si mikubwa. Nikodemu amebakiza miaka tisa kustaafu, na anataka aimalize bila kuipigia tena treni bendera huku mwenzake akivuja damu. Mnyapara ameshamtengea Dionisi kipande kifupi zaidi, kilomita saba, kwa ajili ya goti. Nyumbani Chita, Agnetha ameshakata ile kamba iliyokuwa ikitundikia shoka juu ya jiko.

"Mpini umeingizwa kwa juu, lakini kesho usiku nitalilaza kwenye ndoo vilevile," anasema Nikodemu, shoka limefungwa gunia begani.

Dionisi ameshatangulia hatua kadhaa kuelekea stesheni. Anageuka.

"Jumatatu saa kumi na moja alfajiri nikukute umeshalichomoa majini," anasema. "Mimi nitabeba bendera. Wewe utakata."