Nilikwenda Mloka Kumchukua Dada

Niliaga nyumbani Kibiti kwa siku tatu: moja ya kwenda, moja ya kufunga mizigo, moja ya kurudi na dada yangu. Nilikaa Mloka miezi minne, na nikarudi peke yangu. Wanaoniuliza njiani huwa nawajibu kwa mkato. Hapa nitajibu kwa urefu, maana karatasi haimkatizi mtu maneno.

Kwanza mnijue. Nimesoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Nilianza kwa kuosha vyuma kwenye gereji ya kando ya barabara ya Lindi, na leo nina mashine mbili za kukoboa mpunga na nyumba ya bati la rangi. Hakuna aliyenishika mkono. Sisemi hivi kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ni kweli, na kama ukweli unanisifu, hilo si kosa langu.

Dada ananizidi miaka sita. Tulizaliwa saba, tumebaki wawili. Aliolewa Mloka, mumewe akafariki, watoto wakahamia Dar es Salaam, yeye akabaki na shamba lake la mlau, yaani yale mahindi tunayopanda bondeni maji ya mafuriko yakishashuka. Mloka iko mlangoni mwa hifadhi. Tembo hawaujui mpaka, na kama wanaujua basi hawaujali. Mwaka uliotangulia walikula shamba lote, na dada alipowapigia debe kuwafukuza, mmoja akamtoa mbio mpaka akaanguka, akateguka mguu. Habari ilifika Kibiti kabla mguu haujavimba. Sokoni wakaanza: "Mzee, ni kweli dada yako anakimbizwa na tembo, na wewe una vyumba vinne?" Nikasema nakwenda kumchukua kwa huruma. Huruma ilikuwepo. Aibu ilikuwepo zaidi.

Nilimkuta shambani, mahindi yakiwa magotini, anapalilia huku anachechemea.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kafa nani?"

"Hajafa mtu. Nimekuja kukuchukua."

Akapalilia mstari wote mpaka mwisho, akarudi na mstari wa pili, mimi nimesimama na begi mkononi kama mtu anayengoja basi. Alipofika usawa wangu akasema, "Sikiliza, mdogo wangu. Haya mahindi nikiyavuna, nabaki hapa, na usiniletee tena maneno ya kuhama. Tembo wakiyala na mwaka huu, nitafunga mkeka mwenyewe nipande gari, wala hutanisikia nikilalamika."

"Umesema?"

"Nimesema. Hebu nipishe, umekanyaga mche."

Mtu yeyote mwenye akili angeona jinsi kazi yangu ilivyorahisishwa. Nilitakiwa kukaa kitako na kungoja tembo waje kula. Hata mtu asiyefika darasa la kwanza angeiweza.

Basi nikakaa. Nikawajua madereva wote wa magari ya watalii, maana wanasimama dukani kununua maji na vocha kabla ya kuingia getini. Kila asubuhi niliwauliza tembo wako wapi. Wao wakadhani naogopa. "Usiwe na wasiwasi, mzee wangu, wamehamia kule ndani kabisa." Nikawashukuru huku roho inaniuma. Watalii wametoka ng'ambo ya dunia kuwatazama tembo, mimi nimetoka Kibiti kuwangoja, na wiki mbili nzima hakuna kati yetu aliyemwona hata mmoja. Tofauti ni kwamba wao walirudi kambini wamenuna, mimi ilinibidi nijifanye nimefurahi. Dada alikuwa akinitazama nikikagua nyayo alfajiri, anasema, "Maskini, una uchungu na shamba langu kuliko mimi."

Jirani wa shamba alikuwa Mmatumbi, mzee wa rika langu, watu wao walishuka kutoka vilima vya kusini. Kwetu huyo ni mtani, na mtani hakasirikiwi. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe, anaweza kuchukua kitu chako akakishikilia mpaka ukikomboe, na wewe kazi yako ni kucheka. Ukikasirika, umejiaibisha mwenyewe.

Alikuja kila jioni barazani kwa dada, anakunywa kahawa yetu na kuniangalia.

"Mtani, hivi Kibiti mnaogopa nini? Maana tembo hamna."

"Tunaogopa Wamatumbi," nikamjibu.

"Afadhali. Mimi nilidhani mnaogopa jembe."

Watu wakacheka. Siku nyingine akaleta wenzake wawili makusudi, akanionyesha kwa kidole. "Mwoneni bwana mashine. Dada mtu analima na mguu mmoja, kaka mtu amekaa na miguu miwili. Wallahi, tembo wakija watampita taratibu, watasema huyu mgonjwa, tusimpigie kelele."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikakohoa, kwa sababu desturi inataka hivyo. Lakini hasira ya mtani, ukishaizuia kutoka mdomoni, lazima itafute pengine pa kutokea. Yangu ilitokea mikononi. Kesho yake nikampigia simu mwanangu Kibiti anipakilie kwenye basi la Mloka madumu manne ya oili chafu, kopo la grisi, mafungu ya kamba ya katani na gunia la pilipili kichaa.

Ule uzio wa pilipili sikuubuni mimi. Watu wa wanyamapori walikuwa wamekwisha kuufundisha pale kijijini: unachimbia miti, unazungusha kamba, unaning'iniza vitambaa vilivyolowekwa kwenye oili na pilipili, tembo akinusa anageuka. Wengi walijaribu wakaacha, wakasema haufai. Nilipotazama kazi yao nikaona walichokosea. Oili tupu inachuruzika, jua likiwaka siku mbili kitambaa kinabaki kikavu, kinanukia kama kitambaa. Hilo halihitaji shule, linahitaji mtu aliyekaa miaka tisa chini ya magari ya watu. Mimi nilichanganya na grisi kidogo, nikaipasha moto, pilipili nikaitwanga ikiwa kavu, nikaitia mwisho. Kitu kikaganda kwenye kitambaa kama lami. Nilikuwa nakohoa na kulia machozi, nikijisikia kijana.

Gari moja la watalii lilisimama. Wakanipiga picha nikiwa mweusi oili mpaka viwikoni, macho mekundu, kanga chakavu za dada zimening'inia begani. Inawezekana niko kwenye ukuta wa mtu Ulaya, pembeni ya picha ya simba.

Nilipomaliza upande wa tatu, ndipo akili ikanirudia. Nilisimama pale upande wa nne, ule unaotazama hifadhi, kamba iko mkononi, miti imekwisha chimbiwa. Nikajiuliza, wewe mzee, unafanya nini? Ulikuja kumchukua dada yako. Kinachomtoa hapa ni tembo. Na wewe unawafungia tembo njia! Nilichotakiwa kufanya ni kuacha upande huo wazi, niseme kamba imekwisha. Nani angejua?

Nilisimama muda mrefu. Adhuhuri iliadhiniwa nikiwa pale. Nilimwona akilini dada nyumbani kwake, chumba kimoja cha udongo, mguu umevimba tena. Nikaona na chumba nilichomtengea, kina feni na kitanda cha mninga. Halafu nikaona kamba zangu zile pande tatu, zimenyooka, vitambaa vimepangwa kwa nafasi moja, hakuna kazi kama ile kutoka Mloka mpaka Mohoro. Na upande wa nne uko wazi kama mdomo wa kibogoyo. Mtani angekuja jioni, angeuona.

Nikafunga na upande wa nne.

Tembo walikuja baada ya siku tano. Asubuhi tulikuta nyayo kubwa kama sinia zimefuata kamba yangu, hatua mbili nje yake, zikazunguka kona kwa adabu, zikaingia moja kwa moja shambani kwa mtani. Robo ya shamba lake ilikuwa imelala chini.

Nilitegemea atanijia na panga. Alikuja anacheka. Akaamkiana na dada, akaingia ndani bila kubisha, akatoka na begi langu, lenye nguo, kitambulisho na dawa za presha.

"Umeniletea wageni, mtani, wamekula na hawakuosha vyombo," akasema. "Hili begi linakaa kwangu mpaka na mimi nizungushiwe."

"Mtani, naondoka karibuni."

"Ondoka. Utawaambia nini polisi njiani wakikuuliza jina?"

Nikamtazama dada anisaidie. Dada akasema, "Kakamata haki yake." Nusu saa baadaye mtani akarudi na dawa za presha tu. "Hizi chukua. Nataka uzio, sitaki kesi ya maiti."

Kwa hiyo nikazungusha shamba la mtani. Nilipomaliza la kwake, vitambaa vya dada vilikuwa vinahitaji kupakwa upya. Nilipomaliza vya dada, vya mtani vilikuwa vimekauka. Begi nilirudishiwa, nguo zikiwa zimefuliwa na kupigwa pasi, lakini sikuondoka. Nilijiambia nangoja tembo wapate akili ya kuruka kamba, dada ashindwe, twende zetu. Huku mkono unapaka oili.

Kila juma nilimpigia mwanangu kuuliza mashine. "Baba, wewe pumzika tu, huku mambo yanakwenda." Mwezi wangu wa tatu huko nikamwuliza kama kuna mteja aliyeniulizia. Akafikiri. "Yupo mmoja. Alitaka kujua kama pikipiki yako unaiuza."

Mahindi yakakomaa, yakavunwa. Dungu la dada, kile kibanda cha juu ya miti cha kulindia shamba, lilijaa mpaka ngazini. Mimi nilibeba magunia. Yeye ndiye aliyeanza maneno, tumekaa tunapukuchua.

"Ile siku nilikuona."

"Siku gani?"

"Umesimama upande wa nne na kamba mkononi, mpaka adhana ikapita. Nilikuwa nakuchungulia toka jikoni. Nikasema moyoni, akiuacha wazi, sisemi kitu. Tembo wakila, nafunga mkeka, nakwenda naye. Nitajua ananitaka kweli."

Gunzi likanidondoka. "Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Nikuharibie kazi?"

"Dada, ungesema neno moja!"

"Na wewe una mdomo." Akaendelea kupukuchua. "Usinune. Mimi nilifurahi ulipofunga. Kibiti ningekaa nafanya nini?"

"Kuna chumba. Kuna feni."

"Nikaitazame feni inavyozunguka?" Akacheka mpaka akajishika mguu. "Huko ningekuwa dada yako anayelishwa. Hapa nina mahindi, na wewe ndiye mgeni wangu, unakula ugali wangu. Miezi minne sasa, umeona mtu amekuuliza utaondoka lini?"

Kweli hakuna aliyeniuliza. Kibiti pia hakuna aliyeniuliza nitarudi lini, lakini hilo sikumwambia.

Niliondoka wiki iliyofuata. Mtani alinisindikiza kituoni, akamwambia kondakta kwa sauti ya watu wote wasikie: "Huyu mzee mshushe Kibiti taratibu, si mzima. Alikuja kuhamisha mtu, akajenga ukuta." Nikacheka, kama inavyotakiwa. Dada hakuja kituoni kwa sababu ya mguu. Mguu huo ndio ninaouwaza mpaka leo, maana feni ni upuuzi, nakubali, lakini Kibiti kuna hospitali, na kule Mloka dada akianguka tena bondeni mtu wa kumwokota ni Mmatumbi mmoja wa miaka sabini.

Sokoni wananiuliza, "Mzee, dada yuko wapi?" Nawaambia amekataa kuja. Ni kweli, amekataa. Siwaambii kwamba huko kukataa kwake nimekuzungushia kamba mimi mwenyewe pande zote nne, na kwamba msimu huu tena madumu ya oili yako kwenye basi, na mimi nimekaa kiti cha nyuma yake. Nimeaga siku tatu.