Dolby, DTS na Masikio ya Kaka Yangu

Mwaka 2001, pale Kalemie, kaka yangu Swedi alifungwa kitambaa machoni mbele ya watu zaidi ya sitini. Akaambiwa asikilize filamu na ataje kila kipande: hii ni sauti ya Dolby au ya DTS?

Alipatia sita kwa sita.

Siku nne baadaye tukamzika. Kilichomuua ni ule ushindi.

Ngoja nieleze taratibu, maana humu najua wapo wanaobisha kabla mtu hajamaliza.

Vita ilikuwa mwaka wa tatu. Mji uko mikononi mwa waasi, treni hakuna, kila barabara ina kizuizi chake. Mimi Twahiri nilikuwa na chumba cha video: bati juu, mabenchi, na televisheni moja kubwa niliyoivusha ziwani kutoka Kigoma.

Swedi alikuwa fundi wa redio. Ukimletea redio mbovu haifungui kwanza. Anaitega sikioni, anaisikiliza inavyokoroma, halafu anakuambia kilichoungua. Hakosei. Jina lake lilikuwa ni hayo masikio, na mkate wake pia.

Mwaka 1999 bomu likaanguka jirani na kibanda chake. Akatoka amejaa vumbi, hana hata mchubuko. Tukachinja mbuzi kwa shukrani. Tulimkagua mikono, miguu, tumbo. Masikio hatukuyauliza.

Tangu siku hiyo akaanza kutembea na mkewe Hidaya kila mahali. Sokoni wapo wawili. Kwa mteja wapo wawili. Mteja anaongea, Hidaya anarudia polepole, Swedi anaitika kwa kichwa.

Nilimtania sana. Kwetu kaka mkubwa tunamwita yaya. "Yaya Swedi, siku hizi unabebwa kama mukoba?"

Anacheka tu.

Sasa, ng'ambo ya barabara alikuwepo Barnabé, Mbembe wa upande wa Fizi, mfanyabiashara wa dagaa. Naye akafungua chumba cha video. Akaleta mashine ya Dolby, spika tano, watu wakahamia kwake kama nzi kwenye papai.

Roho iliniuma, siwafichi. Nikavuka ziwa, nikarudi na mashine inayopiga zote mbili, Dolby na DTS.

Kwa wasiojua: diski moja ya filamu inaweza kubeba sauti za aina zote mbili, wewe unachagua. Zote zinakuzungushia sauti. Maneno yanatoka mbele, mvua na nyayo zinatoka nyuma yako. Ila Dolby imebanwa zaidi ili ikae padogo, DTS inakula nafasi kubwa, na kwangu mimi besi ya DTS ilikuwa inatikisa bati.

Barnabé hakukubali. "DTS njo makelele tu. Hakuna muntu anaweza kutofautisha hizo vitu akifunga macho."

"Kaka yangu anaweza," nikamjibu mbele za watu.

Mtaa ukawaka. Swedi nilipomfuata akakataa.

"Twahiri, achana na hiyo maneno. Itatusaidia nini?"

Ndipo nikamwambia neno ambalo mpaka leo nalijutia. "Yaya, ukikataa watasema masikio yako yamekufa. Kiisha nani atakuletea redio?"

Akamwangalia Hidaya.

"Sawa," akasema. "Lakini Hidaya akae karibu yangu. Ile chumba yako iko na joto sana."

Jumamosi alasiri pakajaa mpaka dirishani. Swedi mwenyewe ndiye aliyetuambia tusawazishe sauti kwanza. "DTS iko juu kidogo," akasema. "Kitu cha sauti kubwa, watu wanakiona kizuri siku zote. Mupunguze, ziwe sawa." Hata Barnabé akatikisa kichwa kwa heshima.

Barnabé akafunga kitambaa kwa mikono yake, akakikaza. Hidaya akakaa pembeni ya mumewe na kipepeo chake cha ukili, anampepea. Watu wakamcheka: mwanaume mzima anapepewa.

Kipande cha kwanza, mvua.

"DTS," akasema Swedi.

Cha pili, mvua ileile.

"Dolby."

Ikaenda hivyo mpaka sita. Chumba kililipuka kwa makofi. Barnabé akamshika mkono. "Papa Swedi, nimekubali. Masikio kama hii sijaona."

Nilikuwa najisikia mfalme. Jumapili chumba changu kikafurika.

Jumanne nikapata habari kwamba mfanyakazi mmoja wa mtambo wa umeme wa Bendera anauza spika kubwa ya besi. Lakini spika ya kununua lazima isikilizwe kwanza. Mwenye masikio nani? Bingwa wangu.

Hidaya akasema, "Shemeji, niende naye."

Nikamwambia abaki auze tiketi, watu ni wengi. Akaomba tena. Akaomba mara ya tatu. Swedi mwenyewe akasema hakuna shida, akapanda baiskeli, akaenda.

Hakufika Bendera.

Mama mmoja aliyekuwa amebeba makaa ndiye aliyeleta habari. Alisema kamba ya kizuizi ilikuwa chini, Swedi akapita. Askari akamwita kutoka nyuma. Akamwita mara tatu, hakugeuka. Wakaona anawadharau, wakampiga risasi.

Msibani nilikuwa kama mwendawazimu. Nilimwambia kila aliyeingia kwamba askari ni waongo, hawakumwita. Mtu aliyetofautisha Dolby na DTS amefungwa macho ashindwe kusikia "simama"? Watu wakaniunga mkono. Barnabé, huku analia, akasema yuko tayari kuapa. Mji mzima ukaamini hivyo.

Hidaya peke yake hakusema neno.

Baada ya hitima ya arobaini, akiwa bado kwenye eda, aliniita. Nikakaa nje ya pazia.

"Shemeji," akasema, "askari hawakudanganya. Walimwita."

Nikauliza anasema nini.

"Sikio la kushoto lilikufa siku ya bomu. La kulia lilikuwa linaisha. Redio nilikuwa nazisikiliza mimi, namwambia inakoroma namna gani, yeye anatengeneza. Mimi njo nilikuwa masikio yake."

"Na ile mashindano?"

"Mashine yako inaandika jina la sauti kwa taa nyekundu. Wote mulikuwa munaiona, yeye peke yake alifungwa macho. Kipepeo kikimugusa bega mara moja, Dolby. Mara mbili, DTS."

"Sasa mbona hamukuniambia mimi ndugu yake?"

"Alitaka kukuambia. Kiisha ukasema, nani atakuletea redio."

Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, bila hasira, "Ile asubuhi nilikuomba mara tatu niende naye. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Nakumbuka. Nilimjibu, "Mume wako si mutoto."

Ndugu zangu, wahenga walisema mficha uchi hazai, na ni kweli. Lakini nami naongeza langu: anayeficha maradhi mara nyingi anamficha mtu fulani mwenye mdomo. Nyumbani kwetu huyo mwenye mdomo nilikuwa mimi. Mtu wako akibadilika tabia, weka utani pembeni, umuulize anaumwa nini.

Swedi aliacha watoto watatu, nimewalea mimi. Wamekua wakijua baba yao alikuwa na masikio kuliko mtu yeyote Kalemie, na kwamba askari walimuua bila kumwita. Hidaya alinyamaza kwa ajili yangu mpaka Mungu alipomchukua mwaka jana.

Kesho watoto wanakuja kwangu wote watatu. Nimewaita niwaambie ukweli. Nimeanza na nyinyi kwa sababu nyinyi hamniiti baba.