Duka la Michezo la Mubi na Fundi Niliyemwita Mwizi

Siku yangu ya kwanza kazini, Patron, yaani mwenye duka, alinipa kitambaa cha pamba, diski moja iliyochubuka, na amri ya kutomsalimia mteja kabla sijamtazama mikono. Duka lake lilikuwa Kirotshe, karibu na njia inayoteremka ziwani. Lilikuwa na televisheni nne, konsoli nne, na benchi za mbao alizozitoa kwenye kanisa moja lililokuwa limepata viti vipya. Nilikuwa na diploma yangu ya sekondari, sehemu ya pedagojia, yaani ualimu, na shule niliyokuwa nikifundisha ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita. Mchezo wa video sikuwahi kuugusa. Patron hakujali. Alichotafuta, alisema, ni mtu mwenye macho.

"Humu ndani kila muntu iko mwizi mupaka atoke," aliniambia. "Na akisha kutoka, angalia diski zetu kwanza, njo useme alikuwa muntu muzuri."

Nilicheka. Mwezi haukuisha nikawa naamini, na baada ya miaka miwili nilikuwa nashika neno hilo kuliko yeye mwenyewe.

Ninyi mnaocheza kwenye simu hamtajua kazi hiyo ilikuwa nini, kwa hiyo nieleze. Konsoli ni mashine inayounganishwa na televisheni. Mchezo ulikuwa ndani ya diski, sahani nyembamba ya plastiki yenye tundu katikati, na mchezaji alishika manete, kile kishikio chenye vidude vya kubonyeza. Ndani ya konsoli mna lensi, jicho dogo linalosoma diski kwa mwanga. Lensi ikichoka, mashine haioni kitu. Diski ilishikwa pembeni, kwa vidole viwili, na ilifutwa kutoka katikati kuelekea ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha. Mikwaruzo tuliisugua kwa dawa ya meno. Umeme ulitoka kwenye grupu, ndivyo tunavyoita jenereta, na kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kulihamishia nyuma ya nyumba ili moshi usituue.

Diski zenyewe zilikuwa za aina mbili. Kulikuwa na kopi, zilizonakiliwa Goma katika vyumba vya nyuma, tumbo lake, upande unaosomwa na lensi, likiwa na rangi ya zambarau; hizo zilikufa baada ya miezi michache. Na kulikuwa na orijinali, zenye tumbo la fedha, zilizokuja katika kasha lake la plastiki pamoja na kitabu kidogo cha maelezo. Wafanyabiashara walizileta kutoka Kampala na mbali zaidi. Vitabu vingine vilikuwa vya Kijapani, na mimi nilivipekua ukurasa kwa ukurasa nisielewe herufi hata moja. Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanza. Orijinali iliyochoka, ambayo Patron hakuitaka tena dukani, niliomba kuichukua. Nilizikusanya, nikazipanga, nikazipenda. Mwenzangu katika ugonjwa huo alikuwa laboranten mmoja, mpimaji wa damu na vinyesi, aliyekuja kwetu jioni akitoka kazini. Tulibadilishana makasha kama watu wengine wanavyobadilishana mbegu.

Kisha nilihamishiwa Kirolirwe, ambako Patron alikuwa amefungua tawi chini ya Jeran, yaani msimamizi wa duka. Wachungaji wa ng'ombe walikuja siku ya soko, wakaacha fimbo zao mlangoni na kucheza mpira wa televisheni kwa kelele zilizowatisha ng'ombe wao wenyewe. Jeran alikuwa mtu mfupi, msafi, asiyekunywa. Siku moja diski ya mpira haikuonekana. Alifunga mlango, akawakalisha watu kumi na wawili chini, na mimi nikawapekua mmoja mmoja, mpaka ndani ya mabuti. Mzee mmoja alivua kofia yake mwenyewe akaigeuza mbele ya uso wangu. Diski ilikuwa ndani ya konsoli. Mashine ilikuwa imezimwa tu.

Jeran hakuomba msamaha. Aliwasha mashine na kuniambia, "Wamejua sasa kama tuko na macho." Nililichukua hilo kama somo la kazi. Hata aibu sikuona. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Miaka ilipita, Patron akanifanya jeran mimi mwenyewe, akanituma Mubi, huko Walikale.

Mubi si milima. Sisi wa Masisi, huko Kirotshe na Kirolirwe, tumezoea baridi na upepo. Adui yetu ni vumbi. Kitu cha thamani tunakifunga kwenye mfuko wa plastiki, tunakaza, tunakifungia kwenye kantini, lile sanduku la bati lenye kufuli. Mubi ni msitu pande zote, malori ya migodini, pikipiki, na mvua. Kitambaa ukikianika asubuhi, jioni bado kina maji. Nami nilifika na milima yangu yote kichwani. Kila diski ya duka niliiingiza kwenye plastiki, nikafunga kwa mpira. Orijinali zangu, zaidi ya arobaini wakati huo, zilikaa kwenye kantini chini ya kitanda changu, na ufunguo ulining'inia shingoni.

Fundi wa duka alikuwa Shukuru, Mnyanga, kabila la huko huko, mtu wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye kuimba akifanya kazi. Lensi aliyoigusa iliamka. Manete iliyovunjika aliifungua kwa kisu cha jikoni na kuirudisha ikiwa nzima. Baba yake alikuwa mwindaji, na watu wa kwao walikuwa bado na mambo yao ya zamani ambayo Jumapili hawakuyasema kanisani. Mimi nilikuwa mgeni, na niliogopa nisichokijua. Nilimwonea shaka Shukuru kabla hajafanya lolote. Uimbaji wake niliuona kama wa mtu anayeficha kitu.

Msimu wa pili wa mvua, diski zilianza kufa. Si kopi tu. Orijinali za duka, zilizocheza vizuri juma lililopita, zilikataa. Nilizimulika juani nikaona vijia vidogo vilivyopinda kwenye fedha, na mahali pengine mwanga ukapita kabisa. Kilichonijia kichwani ni maneno ya Patron kuhusu hila ya mafundi: kuchukua orijinali na kurudisha kopi mbovu mahali pake.

Sasa, mimi nilikuwa na alama. Pembeni ya tundu, kwenye ile pete isiyo na rangi, nilikuwa nikikwaruza kistari kimoja kwa ncha ya sindano. Niliwasha tochi nikatafuta. Kistari kilikuwepo. Kwenye diski ya pili kilikuwepo. Kwenye zote. Mtu yeyote mwenye akili angetulia hapo na kusema hizi ndizo diski zangu, tatizo ni lingine. Mimi nilisema: amejifunza mpaka alama yangu.

Shukuru mwenyewe ndiye aliyekuja kunieleza dawa. Kwao, alisema, nyavu za kuwindia, mbegu na ngozi hukaa kwenye kichanja juu ya moto wa jikoni, kwa sababu joto linazuia unyevu. Akaniomba nimpe diski zote akaziweke kwa mke wake, ndani ya kopo la maziwa, juu ya kichanja.

"Huku kwetu plastiki haikingi kitu, Papa," alisema, akiniita baba kama huko wanavyomwita mkubwa. "Inafungia maji ndani."

Fikirieni nilisikia nini. Mtu ninayemshuku wizi ananiomba nimkabidhi kila kitu akipeleke nyumbani kwake. Nilimwambia nitafikiri. Kuanzia kesho yake niliangalia sakoshi yake, ule mkoba wake wa zana, kila alipoingia na kila alipotoka.

Siku ya tatu, siku ya soko, duka likiwa limejaa, nilimwona anaingia na sakoshi yake ikiwa imevimba kidogo ubavuni. Niliinyang'anya nikaimwaga juu ya kaunta. Bisibisi, waya, muhogo uliofungwa kwenye jani, na orijinali tatu za duka, zenye harufu ya moshi.

Benchi zote zilitugeukia. Shukuru alitazama diski, kisha akanitazama.

"Nilikuwa nazirudisha, Papa. Nilizichukua yuzi, sababu zilikuwa zinagonjwa. Zimekauka. Weka moja kwa mashine, uone."

"Mwizi akikamatwa kwa mulango, siku zote iko anarudisha," nilisema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Batu wa Mubi, mumuone huyu. Redio zenu, simu zenu, musimupe tena. Iko mwizi."

Aliomba mara ya pili niweke diski moja kwenye mashine. Mara ya pili tu. Sikuiweka. Konsoli ilikuwa hatua mbili kutoka niliposimama, imewashwa tayari. Shukuru aliokota bisibisi zake moja baada ya nyingine, akauacha muhogo, akatoka. Patron nilipompigia simu alinisifu.

Diski ziliendelea kufa baada ya yeye kuondoka. Hilo nalo nililipatia maelezo: alikuwa amekwisha kuzibadilisha zote zamani, zinakufa kwa zamu. Mtu mwenye shaka hakosi maelezo. Wateja nao walipungua, lakini si kwa sababu ya diski. Simu zilikuja na michezo ndani yake, watu wakawa wanapeana michezo kwa kurushiana hewani, simu kwa simu, bila waya, bila kasha, bila sisi. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa mteja wangu wa kila juma alisimama mlangoni akanionyesha mfuko wa shati lake. "Papa, duka yako yote iko humu," alisema, akicheka bila ubaya. Patron aliuza konsoli, akageuza chumba kuwa mahali pa kuchaji simu, na mimi nikarudi Kirotshe, mzee, na kantini yangu.

Niliifungua nyumbani, mchana, mke wangu akiwa amekaa karibu. Tangu Mubi sikuwa nimeigusa ila kuangalia kufuli. Ndani, kila diski katika plastiki yake iliyokazwa ilikuwa na vijia vilevile. Vitabu vya Kijapani vilikuwa vimeshikana kuwa tofali. Diski ambazo Shukuru hakuwahi kuziona, katika sanduku ambalo hakuna mkono mwingine uliolifungua.

Nilibeba chache kwa rafiki yangu laboranten, ambaye naye amestaafu. Aliweka moja chini ya kioo chake cha kukuzia, akatazama muda mrefu, kisha akasema kwamba ni ukungu, uleule uliowahi kula lensi za hadubini zao msimu wa mvua. Akaniuliza kwa nini sikuziweka mahali pakavu.

Ilibidi ningoje barabara itulie ndipo nikapanda pikipiki kwenda Walikale. Shukuru nilimkuta kijijini kwao, analima muhogo. Tangu siku ile hakuna aliyempa kitu cha kutengeneza. Aliniona tangu mbali.

"Papa wa milima," alisema, "umekuya kupekua sakoshi tena? Leo sina sakoshi. Iko tu jembe."

Mke wake hakucheka. Aliniletea kiti na maji, akasimama mlangoni kusikiliza. Nilimweleza Shukuru yote: kantini, vijia, ukungu, alama niliyoiona nikakataa kuiona. Nikamwomba msamaha kwa maneno niliyoyaandaa njiani, nayo yakatoka vibaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachorachora ardhini kwa jembe.

"Miye nilisha kukusamehe kitambo," alisema. "Hasira inachokesha muntu wa shamba. Lakini haukuniambia miye peke yangu. Ulisema mbele ya batu, pale Mubi. Enda useme pale."

Nilikwenda kesho yake. Pale palipokuwa duka letu sasa wanauza simu na vifuniko vya simu, na kile kiambaza ambapo tulikuwa tukipanga makasha kimepakwa rangi mpya. Nilitafuta hata mmoja wa waliokuwa kwenye benchi siku ile, sikumpata. Dereva wa lori amehama. Wengine walikwenda na vita, wengine na migodi. Hata hivyo niliingia, nikavua kofia, nikasema kwa sauti ileile ya kusikika barabarani kwamba Shukuru, fundi, hakuiba kitu hapa, kwamba aliyekosa ni mimi, jeran wa zamani wa duka hili.

Watu watano walikuwemo. Waliinua macho kutoka kwenye simu zao. Muuzaji, mama kijana mwenye adabu, alinisogezea kiti akidhani naumwa.

"Pole, Papa," alisema. "Lakini ule Shukuru njo nani?"

Nilikaa. Nikamweleza kwamba alikuwa fundi wa konsoli, mrefu, mwenye kuimba, na kwamba lensi aliyoigusa iliamka. Akauliza konsoli ni nini. Nikaanza kueleza tangu mwanzo, na nilipofika kwenye tumbo la fedha mteja aliingia, naye muuzaji akaniacha.

Waliosikia neno langu siku ya soko wako wapi, sijui. Labda wako Goma, wako Kisangani, wako kwenye kambi za wakimbizi, na kila mmoja amebeba kwamba Shukuru wa Mubi ni mwizi. Pikipiki haiwezi kunifikisha kwa wote. Nimeandika haya kwa ajili yao. Kama ulikuwa umekaa kwenye benchi zile, ukiwa na manete mkononi, ujue: zile diski, Shukuru alikuwa anazirudisha.